Riwaya za Kubeba Likizo ya Desemba: Namna ya Kuzichagua Zisirudi Hazijasomwa

Kila Desemba, chini ya nguo za Krismasi, kuna kitabu kinachopakiwa kwenye basi pale stendi ya Mbezi, kinafika Moshi au Bukoba, kinakaa kijijini wiki mbili, na Januari kinarudi Dar es Salaam kikiwa na tiketi ya basi iliyochomekwa ukurasa wa 11. Mwenyewe si mvivu wa kusoma. Alikichagua kwa sifa: kimeshinda tuzo, kinatajwa redioni, mwalimu wake wa fasihi alikipenda. Sifa hazijui kwamba utasoma ukiwa umekaa kwenye mkeka barazani, shangazi anakuuliza utaoa lini, na watoto wanane wanakimbizana.

Riwaya ya likizo huchaguliwa kwa mambo mawili: saa ulizonazo kweli, na mahali utakapoisomea. Ladha yako inakuja ya tatu. Ukipatia hayo mawili ya kwanza, hata riwaya ya kawaida itakunogea.

Hesabu saa kabla ya kuhesabu vitabu

Chukua riwaya yoyote ya Kiswahili uliyonayo nyumbani. Fungua katikati, washa saa ya simu, soma kurasa tano kwa mwendo wako wa kawaida bila kujionyesha. Watu wengi hutumia dakika nane hadi kumi na mbili. Maneno yetu ni marefu, "hawakumwambia" ni neno moja, kwa hiyo usijipime kwa mwendo unaosomea vitabu vya Kiingereza. Tuseme umetumia dakika kumi: hizo ni kurasa 30 kwa saa.

Sasa hesabu siku. Likizo ya siku kumi, ukisoma saa moja na nusu kila siku, ni saa 15, yaani kurasa 450. Punguza theluthi moja mara moja, kwa sababu kutakuwa na kipaimara, harusi, msiba, wageni, na ile siku ya kuchinja ambayo hakuna anayeshika kitabu. Zinabaki kurasa 300. Hiyo ni riwaya moja ya kurasa 200 na nyingine ya 100, basi. Anayebeba vitabu sita amebeba mzigo tu.

Na saa zenyewe hazilingani. Pwani, Desemba kaskazi imeshaanza kuvuma na joto la saa nane mchana linamsinzisha mtu kabla hajamaliza ukurasa wa tatu. Panga kusoma asubuhi hadi saa nne, kisha tena baada ya alasiri. Bara kwenye baridi, Kilimanjaro, Njombe au Limuru, mchana unasomeka vizuri, ila jioni giza linaingia na umeme unaweza kuondoka nalo. Taa ndogo ya kuchaji ya kubana kwenye kitabu, au ya kuvaa kichwani, ina faida kuliko kitabu cha tatu.

Basi, treni, baraza

Kwenye basi, macho yanaona ukurasa umetulia huku sikio la ndani linahisi kona na matuta. Ubongo unapata habari mbili zinazopingana, na jibu lake ni kichefuchefu. Maandishi makubwa hayasaidii sana. Kinachosaidia ni kukaa mbele au katikati ya basi, kuinua macho kuangalia mbali kila umalizapo ukurasa, na kuchagua riwaya yenye sura fupi na mazungumzo mengi, ambayo ukiiacha Chalinze unaweza kuiokota Korogwe bila kurudi nyuma. Kitabu chenye aya za nusu ukurasa usikifungulie barabarani.

Treni ni jambo jingine kabisa. SGR ya Dar es Salaam hadi Dodoma ni karibu saa nne, na ya Mombasa hadi Nairobi ni saa tano hadi sita, nayo haiyumbi. Hapo unaweza kumaliza kurasa 100 na zaidi kwa kikao kimoja, kwa hiyo ndiyo nafasi ya kuanza ile riwaya nene. Riwaya nene ikishapita kurasa 60 za mwanzo kwa mkupuo mmoja, majina ya wahusika yanakuwa yameshakaa kichwani na huiachi tena. Ukiianza kwa kurasa nne nne barazani, itakushinda.

Barazani unakatizwa. Weka hapo hadithi ya upelelezi, au kitabu ambacho hata ukisomewa juu ya bega na binamu hakiharibiki.

Upelelezi: si wote ni wa aina moja

Hili ndilo fungu linalosomwa zaidi likizo, na ndilo ambalo watu hukosea zaidi, kwa sababu chini ya jina moja kuna ladha mbili tofauti.

Ya kwanza ni ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Mpelelezi wake, Bwana Msa, hana bastola. Ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana subira ya kuuliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi. Riwaya ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilitoka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, na inafungua na kifo cha Bwana Ali kwenye mzimu wa ukoo. Anza na hiyo, kisha Kisima cha Giningi. Raha yake iko kwenye mazungumzo na Kiswahili cha Unguja cha zamani. Fumbo lenyewe linafunguka polepole, na anayetaka kufukuzana kwa magari atalalamika kwamba "hakuna kinachotokea."

Ya pili ni ya Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Willy Gamba wa Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, ni jasusi wa enzi za ukombozi wa Kusini mwa Afrika: silaha, hoteli, maadui wenye fedha. Joram Kiango wa Mtobwa ni mjanja wa mjini, mchokozi, na anapendwa hadi leo na watu waliosoma nakala zilizokwisha majalada kwa kuazimana. Sura ni fupi na kila moja inaisha mtu akiwa pabaya. Hizi ndizo za basini. Angalizo mbili: zinavyowatazama wanawake ni kwa macho ya miaka ya 70 na 80, na baadhi ya kurasa si za mtoto wa darasa la sita. Ukifika nyumbani ziweke juu ya kabati, si kwenye meza ya sebuleni.

Kama hujui wewe ni wa upande gani, jiulize unapoangalia tamthilia: unapenda yule anayekaa akafikiri au yule anayeruka ukuta? Jibu hilo linatosha dukani.

Historia ya visiwani, na safari

Kwa ile nene ya treni, Adam Shafi hana mpinzani wa karibu. Ila kuna mpangilio. Kuli, ya 1979, inamfuata Rashidi, kijana wa bandarini Zanzibar, hadi mgomo wa makuli wa 1948. Njia yake ni moja, wahusika hawatawanyiki, ndiyo sababu inafaa kuwa ya kwanza. Vuta n'kuvute ya 1999 ni pana zaidi: Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, anatoroka ndoa na kuingia katika mapenzi na Denge, mwanaharakati anayewindwa na wakoloni. Ina Unguja, Mombasa, siri, jela, taarabu. Aliyeona filamu yake ya 2021 asidhani ameshamaliza kazi. Riwaya ina vichochoro vingi ambavyo filamu haikuweza kuvipita.

Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupewa Nobeli, ni ya msomaji asiye na haraka. Yusuf ana miaka kumi na miwili anapotolewa kwao kwa deni la baba yake, na baadaye anaingia bara na msafara wa mfanyabiashara Aziz. Inasomeka kama imeandikwa Kiswahili tangu mwanzo, jambo ambalo si kila tafsiri inaliweza. Kabla ya kununua tafsiri yoyote, soma mazungumzo yake kwa sauti ya chini: kama hakuna Mswahili anayeongea hivyo, irudishe rafuni.

Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996, inastahili nafasi yake kwa sababu ndogo ya kiutendaji: shujaa mwenyewe yuko njiani. Kongowea Mswahili anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake, na msomaji aliye safarini anaingia haraka katika kitabu cha safari. Kiswahili chake kina methali na nahau kwa wingi, na wapo wanaochoka nazo. Wengine ndicho wanachokitafuta.

Za mapenzi na familia hazihitaji maelezo marefu. Soma ukurasa wa kwanza na wa katikati. Kama umeshawachukia au kuwapenda watu wawili kati ya waliomo, nunua.

Wembamba unaodanganya

Kosa la kawaida kuliko yote: mtu anaona kitabu chembamba, anasema "hiki cha siku moja," anakichukua. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya 1990, na Mzingile ya 1991 ni nyembamba kiasi cha kuingia mfuko wa koti. Ni miongoni mwa maandishi magumu kabisa ya Kiswahili. Ni ndoto, falsafa na mafumbo, hakuna kisa cha kushika kama kamba. Ni vitabu vikubwa, lakini vinataka chumba kimya na kusomwa mara mbili. Huvipati hivyo vyote Desemba 26.

Wala usichague kwa jina la mwandishi peke yake. Kezilahabi huyo huyo ndiye aliyeandika Rosa Mistika, 1971, ambayo mtu wa kidato cha pili anaielewa bila msaada. Hiyo ni nyepesi kusoma na nzito kubeba: mwisho wake ni wa huzuni kubwa, kuna mtu kujiua ndani yake. Kama kuna mgonjwa au msiba mpya nyumbani, iache. Utengano ya Said Ahmed Mohamed inakwenda haraka na ina ugomvi wa kutosha wa familia, ilhali Babu Alipofufuka ya mwandishi huyo huyo ni ya ajabu na mauzauza, inataka akili isiyo na usingizi. Jina moja kwenye jalada, vitabu viwili vya hali mbili.

Vitabu vya mtihani vina shida yake. Aliyefanyia mtihani Kidagaa Kimemwozea au Chozi la Heri hawezi kufungua ukurasa bila kusikia "eleza maudhui manne." Vinafaa kurudiwa, ila baada ya miaka mitano au sita, na bila kalamu mkononi.

Dukani: dakika kumi za kukagua

Kwanza, hakikisha ni riwaya. Hili linaonekana la kitoto mpaka likukute: miongozo ya mitihani hubeba jina la riwaya kwa herufi kubwa, na neno "Mwongozo" limeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kona. Fungua ndani. Ukiona "Wahusika na sifa zao" ukurasa wa saba, umeshika mwongozo.

Pili, kurasa. Vitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa zinazokunjwa, mara nyingi kurasa 16 kwa mkunjo mmoja. Mtambo ukikosea, huwa hazikosekani kurasa mbili tatu. Zinakosekana 16 kwa mkupuo, au zinaingia mara mbili, au zimegeuzwa miguu juu. Pitisha kidole gumba pembeni ukitazama namba: 16, 32, 48, 64, hadi mwisho. Sekunde ishirini. Usipofanya hivyo, utagundua usiku, kijijini, kwamba baada ya ukurasa wa 144 unakuja wa 161 na muuaji alitajwa katikati.

Tatu, gundi. Bonyeza kitabu kifunguke katikati, si kwa nguvu. Kikilia "krak" na ukaona mstari mweupe wa gundi kavu, kitaachia kurasa kwenye joto la ufukweni au juu ya dashibodi. Kilichoshonwa uzi ni bora. Nakala za wizi hujitambulisha: picha ya jalada ina ukungu, pambizo zimepinda, wino umefifia upande mmoja. Ziache. Mwandishi hapati chochote, na mara nyingi ndizo zenye kurasa pungufu.

Nne, lugha. Fungua ukurasa wowote wa katikati, usome wote. Hesabu kwa vidole maneno usiyoyajua na usiyoweza kuyakisia kutokana na sentensi. Mawili au matatu ni sawa, yananogesha. Yakizidi matano, kitabu hicho ni cha nyumbani penye kamusi. Msomaji wa bara atakutana na maneno ya Unguja na Pemba, wa Tanzania atakutana na msamiati wa Kenya uliokolea, na aliyekulia Ulaya au Marekani anayesoma Kiswahili cha wazazi ashushe kiwango hadi maneno matatu. Angalia pia mwisho wa kitabu: matoleo mengi yaliyoandaliwa kwa shule yana sherehe, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake, na hiyo inaokoa safari nzima.

Tano, ukurasa wa 50. Usiishie ukurasa wa kwanza, kila mwandishi huupiga pasi. Ukurasa wa 50 ndipo anapoonyesha mwendo wake wa kila siku. Kama unataka kugeuza wa 51, lipa.

Wapi na lini

Nunua kabla Desemba haijafika katikati. Kuanzia wiki ya mwisho maduka yanajaa wazazi wenye orodha za shule, na riwaya zinasukumwa nyuma kupisha madaftari. Dar es Salaam, anzia Mtaa wa Samora, kwenye duka la TPH, kisha wauza vitabu wa kando ya barabara Posta, ambako zile za Musiba na Mtobwa zilizokwisha madukani bado hujitokeza. Nairobi, Text Book Centre ina rafu za Kiswahili, ila ulizia riwaya, la sivyo utaelekezwa kwenye vitabu vya kiada. Walio ng'ambo wanaweza kuagiza vitabu vya Mkuki na Nyota, mchapishaji wa Dar es Salaam, kupitia African Books Collective ya Uingereza, lakini posta ina mambo yake, agiza wiki sita kabla.

Kwa mtumba, taja jina la mwandishi na la kitabu pamoja, kwa maandishi kwenye simu. Muuzaji ana mamia ya vitabu bila mpangilio, anatafuta kwa rangi ya jalada na kwa macho, si kwa maelezo ya "ile ya yule mpelelezi."

Simu inafaa kama akiba tu. Kitabu kipakuliwe kabla ya kuondoka na kijaribiwe ukiwa umezima data. Yale mafaili yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni picha za kurasa zilizoibwa: herufi hazikui bila ukurasa kutoka nje ya kioo, na chaji inaisha kwa kukuza na kupunguza.

Ukishafika

Andika majina ya wahusika nyuma ya ile tiketi ya basi, na nani ni mtoto wa nani. Riwaya za ukoo zinatuchanganyia watu wawili wa jina moja, na hiyo tiketi ni bora kuliko kurudi kurasa 40.

Kama kuna watoto na bibi, tenga kitabu kimoja cha kusomwa kwa sauti usiku. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, yenye ndugu wawili waliogeuka manyani, inashika nyumba nzima. Soma dakika ishirini, si zaidi, na uache pale mtu anapobisha hodi. Kusadikika ya mwandishi huyo huyo ni tamu kwa wakubwa, ila watoto wataomba ruhusa ya kwenda kulala.

Kitabu kikikukwama, kipe kurasa 50. Zikiisha bado hujali nani anakufa, kifunge na uhamie cha pili bila kujieleza kwa mtu. Usichanganye riwaya mbili za aina moja kwa wakati mmoja. Wapelelezi wataanza kuazimana washukiwa.

Na kikilowa maji ya bahari: kamua kwa kukibana kati ya taulo mbili, usisugue. Chomeka karatasi za tishu kila baada ya kurasa 20, kilaze kivulini chini ya kitu kizito, ubadilishe tishu asubuhi na jioni kwa siku mbili au tatu. Usikianike juani kama dagaa. Kurasa zitajikunja, gundi itaachia, na wa kukiazima baada yako atapokea bahasha ya karatasi.